Mabingobingo, guatemala au brakaria, majani yapi ya ng'ombe yanaleta maziwa?

Mkata Majani: Wakuu kwema? Nipo Chanika huku, nina ng'ombe wawili wa maziwa nafugia bandani na nina kaeneo ka mabingobingo nyuma ya nyumba, sasa huyu mkubwa alikuwa ananipa lita 11 saa hii hata 7 hafiki, na majani anapewa mpaka anayalalia. Jirani anasema ng'oa yote panda brakaria, kijana wa duka la pembejeo ananipigia debe supa nepia, mwingine guatemala. Kwa aliyewahi kulinganisha, yapi yana protini zaidi kabla sijaingia hasara?

Mzee wa Goba: Kijana kabla hujashika jembe, hayo mabingobingo unayakata yakiwa marefu kiasi gani?

Mkata Majani: Yananipita kichwa mzee, nayaacha yakomae ili mzigo uwe mkubwa.

Mzee wa Goba: Basi ndo ugonjwa wenyewe huo. Ya wiki 6 mpaka 8 yenye mbolea protini inacheza kwenye asilimia 10 hivi ukiyapima yakiwa makavu, yakipita miezi 3 inashuka mpaka 6 au chini yake, na ikiwa chini ya 7 vile vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya majani vinakosa nguvu, kwaiyo tumbo linajaa halishuki na ng'ombe anaacha kula, we unaona kashiba. Kata yakifika kifuani, acha kisiki cha sentimita 10, gawa shamba vipande uwe unazunguka. Supa nepia nayo ni mabingobingo tu, ukiichelewesha inakuwa kuni vilevile.

Mama Ndama, Kibamba: Shikamoo mzee, umemaliza. Ila mi brakaria naitetea jamani, ina majani mengi mabua laini, inavumilia ukame, asili yake Afrika hii hii wakaenda kuiboresha Kolombia ndo tukauziwa mbegu kwa bei ya kutisha 😂. Ubaya wake mzigo ni mdogo kuliko mabingobingo na panapotuama maji usipande, inaoza. Guatemala sifa yake kiangazi, wenzio wananunua majani ya bodaboda we yako bado kijani, lakini protini kiduchu. Mi nachanganya na lukina, ule mti wa malisho, majani yake yanafika asilimia 20 na zaidi, ila isizidi theluthi ya chakula maana ina sumu, ikizidi manyoya yananyonyoka. Na majani machanga yaache yanyauke kidogo, kilo 10 karibu 8 ni maji matupu.

Mkata Majani: Nimetoka bandani sasa hivi, horini yamebaki mabua manene kama kidole gumba, majani kachambua yote, na mi hapo nilikuwa najisifu namjazia. Panga natia makali jioni hii hii. Mama Ndama vipando vya brakaria unauza?

Mama Ndama, Kibamba: Njoo na kiroba, vya kuanzia unachukua bure.