Naomba ushauri: nikope ninunue projekta kwa ajili ya Avengers mpya?

Wakuu, habari za leo. Nina banda la video hapa Ujiji, Kigoma. Nilipoonyesha Avengers: Endgame, ile filamu ya mashujaa wa Marvel ya 2019, watu walisimama mpaka mlangoni. Vijana walitoka moja kwa moja mwaloni Kibirizi, harufu ya dagaa bado mikononi. Shujaa Tony Stark, aliyeigizwa na Robert Downey Jr., alipoalika vidole, banda zima kimya, nikawa nasikia feni tu. Sijawahi kuona tena kitu kama kile.

Baadaye moto ukapoa. The Marvels ya 2023 niliionyesha kwa watu 6, na hata huko duniani iliingiza hasara.

Sasa Avengers mpya, Doomsday, imetangazwa kuwa itatoka Desemba 2026, na Robert Downey Jr. anarudi, safari hii akiwa adui, Doctor Doom. Mimi naamini sura yake tu itarudisha watu. Mdogo wangu anakataa katakata, anasema wateja siku hizi wanaulizia tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa, na kumgeuza shujaa wao kuwa adui kutawaudhi.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kiko tayari kunipa hela ya projekta. Wenye mabanda, hasa wa Tabora na Kasulu, wateja wenu bado wanaziulizia hizi za Marvel? Nikope, au niendelee na televisheni yangu?