Kuchaji kishikwambi kwa USB ya kompyuta: tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu, kishikwambi kikichomekwa kwenye kompyuta kinakesha na bado hakijajaa. Vingine vinaandika kabisa kwamba havichaji. Mwenye ujuzi amwage vitu, kwa vipimo, siyo "badilisha waya" tu.

Fundi Volti: Tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na miliampu 500, yaani wati 2.5. Kichwa cha chaja cha iPad ya kwanza, 2010, kilikuwa cha wati 10. Sasa chukua iPad ya kizazi cha tatu, ya 2012: betri yake ni watisaa 42.5. Gawa kwa 2.5 unapata saa 17, na hapo hujatoa umeme unaopotelea kwenye joto. Kioo kikiwaka kinakula kuliko kinachoingia, ndiyo maana asilimia inashuka huku imechomekwa. Zima kioo. Hata ile inayoandika kwamba haichaji, kioo kikizimwa huvuta kidogokidogo.

Mzee wa Matundu: Kuna matundu na matundu. La USB 3.0, mara nyingi la buluu, linatoa miliampu 900. Lenye alama ya radi kwa kawaida ni la kuchajia, mengi yanafika ampia 1.5 na hayakatiki laptopu ikilala. USB-C inaweza kufika ampia 3. Habu (kigawanya matundu ya USB) isiyo na umeme wake achana nayo: kila tundu lina miliampu 100.

Nyaya Tupu: Nitausema waya hivyo hivyo. Soma maandishi ya kwenye ganda: AWG ni kipimo cha unene wa waya, na 24AWG ni mnene kuliko 28AWG. Mita moja ya 28AWG ikipitisha ampia 2 inapoteza karibu volti 0.85, kishikwambi kinapata 4.15 na kupunguza mvuto chenyewe. Ila kwenye miliampu 500 hasara ni 0.2 tu, kwa hiyo kwa tundu la kawaida waya mnene haukuokoi. Tena jihadhari na waya wa chaji usiopitisha data: kishikwambi kinaweza kudhani kiko ukutani, kikavuta kupita kiasi, tundu likajikata.

Fundi Volti: Nyongeza kwa wa Windows, chaji ikikatika kila baada ya muda: fungua Device Manager, USB Root Hub, Power Management, ondoa tiki ya kuruhusu kompyuta izime kifaa. Rudia kwa kila Root Hub iliyoorodheshwa.