Mwenye shule ndo mwalimu mkuu, mumewe ndo mwenyekiti wa bodi. Mzazi nikashtaki wapi?

Wakuu naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mwanangu ana miaka 7, yuko kwenye hizi shule mbadala za binafsi, hakuna mitihani, hakuna fimbo, mtoto anachagua mwenyewe leo afanye nini. Na mie niliipenda, sidanganyi, nilimtoa shule ya kawaida kwa mkono wangu. Sasa juzi usiku namwogesha naona kisogo kimevimba na damu imegandia kwenye nywele, kumuuliza eti kadondoka mtini asubuhi, aliyekuwa anawaangalia ni "yule kaka wa kujitolea". Mie nimemfata mchana, nimesalimiana na walimu watatu getini, hakuna aliyefungua mdomo!

Kesho yake nikaenda. Naomba daftari la matukio, hakuna. Nauliza huyo kijana katokea wapi na nani aliangalia rekodi zake polisi kabla hajakabidhiwa watoto, najibiwa "sisi hapa tunaishi kwa kuaminiana, hatuendeshi shule kwa makaratasi". Ila bili ya ada haijawahi kuchelewa hata siku moja, hayo makaratasi wanayaweza.

Nikaandika barua kwa bodi. Bodi yenyewe sasa, mwenyekiti mume wa mwalimu mkuu, mhazini mdogo wake, mjumbe wa tatu ni mwalimu wa palepale. Na barua yangu ya kwenda bodi kaijibu nani? Mwalimu mkuu!! Kesi ya ngedere hakimu nyani.

Na asije mtu hapa na "shule mbadala ndo zilivyo". Summerhill ya Uingereza ipo tangu 1921, mtoto asipotaka haingii darasani, lakini wakaguzi wa serikali wanaingia, 1999 waliwabana kwelikweli mpaka wakafika kwenye baraza la rufaa 2000, wakautetea mfumo wao hadharani na shule ipo mpaka leo. Halafu kule mtoto anaweza kumshtaki hata mwalimu kwenye mkutano wa shule, huku kwetu mzazi mzima naambiwa nina "nishati hasi".

Kuna mzazi mwenzangu kaninong'oneza ninyamaze wasije wakamuandama mtoto, hapo ndo nikachoka kabisa.

Nimeomba cheti cha usajili na ripoti ya mwisho ya ukaguzi, wiki ya pili hii kimya. Mwenye mtoto kwenye shule za namna hii, ripoti ya ukaguzi wewe uliipataje?