Tupeane uzoefu: mliowahi kufunga (au kufungiwa) programu za kuchunga watoto kwenye kompyuta ya nyumbani

Mzee wa Ilazo
Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi kule Mtumba, Dodoma, natoka asubuhi narudi giza limeshaingia. Kijana wangu yuko kidato cha pili. Niliweka ile Family Safety ya Microsoft, kompyuta ijifunge saa tatu usiku. Juzi naamka saa saba kunywa maji, nasikia kibodi inalia chumbani kwake. Nafungua mlango, dogo kazima taa anacheza gemu la mpira. Namuuliza umefunguaje? "Baba, ilijifungua." Mliopitia haya, wazazi kwa watoto, tiririkeni. Kwenu nani alishinda?

Kandambili
Ilijifungua! Huyo mwandalieni fomu ya udiwani.

Fundi wa Sabasaba
Hizi kesi tunaletewa kila likizo. Mkuu, programu haina shida. Unamfungia dogo akaunti moja halafu kuna nyingine ya admini, ile yenye mamlaka yote ya kompyuta, haina hata pasiwedi. Anatoka kwenye yake, anaingia kwenye ile, anacheza mpaka jogoo. Mpe akaunti ya kawaida, ya admini ibaki kwako. Wengine wana Ubuntu kwenye flashi, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, anawashia hapo, Windows yako na makufuli yake yote wala haiamki. Huyo dawa yake uingie BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, uzime kuwasha kwa flashi, na huko nako uweke pasiwedi.

Kijana wa Nkuhungu
Fundi, acha kuuza siri za chama.
Sisi enzi zetu ilikuwa kurudisha saa nyuma tu. Ile programu ilikuwa inahesabu kwa saa ya kompyuta, ukiirudisha unaanza upya. Nilidakwa pale bi mkubwa alipochapa barua ya kazini ikatoka na tarehe ya wiki iliyopita.

Mama Watatu
Nyie chekeni. Kwangu ilifungia somo. Binti yuko kidato cha nne, mtihani Novemba, anasoma mada ya uzazi kwenye Baiolojia. Mambo yenyewe ni ya Kiingereza, kila anapobonyeza, ukurasa umezuiwa. Kaka yake huku anaangalia video za Kiswahili zenye matusi ya nguoni, zinapita tu, chujio haliambulii neno. Nimeitoa. Kompyuta iko sebuleni, skrini inaangalia jikoni, anayetaka kuona uchafu auone mbele yangu nikikaanga samaki.

Pwaguzi
Mtoto wa kidato cha pili kompyuta chumbani ya nini? Sisi Bahi tumesoma kwa kibatari. Fimbo mbili za makalio, habari ya programu inaisha.

Mama Watatu
Na ndiye wewe uko mtandaoni saa sita usiku unabishana na wake za watu. Hizo fimbo zilikusaidia nini?

Pwaguzi
Mimi mtu mzima, bando nanunua mwenyewe.

Binti Kizota
Huwa nasoma tu na kupita, ila huu uzi umenigusa. Sasa hivi niko chuo. Haya yalinikuta kidato cha tatu.

Mama aliweka programu inayorekodi kila unachoandika na kupiga picha skrini, ripoti inaenda kwenye imeli yake. Sikuambiwa. Mimi nimelelewa na baba wa kambo, mtu mzuri, simdai kitu. Baba mzazi niliambiwa alifariki nikiwa mchanga. Likizo moja nikiwa Manyoni kwa bibi, shangazi akaropoka: yupo, anakaa Singida mjini, anauza vipuri vya pikipiki. Akanipa jina analotumia Facebook, la dukani. Salamu ya kwanza niliituma kwa simu ya shangazi hapohapo. Tuliyoendelea kuongea baadaye ndiyo niliandika kwenye kompyuta ya nyumbani.

Kwa hiyo mama anafungua ripoti ofisini, anakuta mtu hana sura, ana picha ya pikipiki, ananiandikia "mtoto mzuri, nitumie picha nikuone ulivyokua." "Kwa sasa usimwambie mama." "Ukifunga shule nitakutumia nauli uje Singida." Na mimi najibu "nimekumiss sana."

Hakuniuliza. Asubuhi akaniambia vaa twende mjini, nikajua tunafuata viatu vya shule. Tukaingia polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Afande mwanamama, mpole, akanivutia kiti. Mama akatoa makaratasi kwenye pochi, kachapisha kila kitu, mistari mingine kaipaka ile kalamu ya njano. Afande akasoma, akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni nani yako?"

Nikasema ni baba.

Mama akaruka, "Baba gani?" Nikamtaja majina yake matatu. Mama akanyamaza. Alikuwa ameshika ile kalamu, akawa anaifunga kifuniko na kuifungua. Afande akamgeukia, "Mama, huyu mtu unamfahamu?" Na baba wa kambo yuko nje kwenye gari anatusubiri.

Narudi, bando limekata.

Kandambili
Eti bando! Binti rudi hapa. Kuna mwenye kumrushia vocha?

Kijana wa Nkuhungu
Mimi nimeshaweka mkeka.

Pwaguzi
Chai hii. Majani mengi, sukari nyingi.

Mama Watatu
Chai au maji, huyo mama mimi namwelewa. Soma hayo maneno kama hujui anayeandika ni nani. Ningeenda na panga.

Mdogo wa Area C
Ila angemuuliza mtoto kwanza! Mimi wazee waliponiwekea hiyo ya kurekodi niliwasomea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema sawa wakili. Akachukua na chaja.

Binti Kizota
Nimerudi. Pwaguzi, hulazimishwi kuamini.

Ikabidi mama aeleze pale pale. Waliachana vibaya, akaona ni rahisi kusema amekufa. Hata baba wa kambo alikuwa anajua ni marehemu. Kaambiwa kwenye gari, hatujatoka hata getini. Siku ile nyumbani wali ulilala kwenye sufuria. Sikusikia kelele, walifunga mlango wakaongea mpaka usiku wa manane.

Programu aliitoa baba wa kambo kwa mkono wake. Na ndiye aliyenipeleka Singida. Tumefika dukani, nimejiandaa kulia, wale wawili wakaanza habari za injini wakanisahau kwenye benchi na soda yangu. Na mama bado anasema angerudia kwenda polisi, ila kusema mtu amekufa asingerudia.

Fundi wa Sabasaba
Pole binti. Wazazi, kama hofu yenu ni picha chafu, hamna haja ya kurekodi maneno ya mtoto. Wekeni DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti) ya kampuni ya Cloudflare kwenye ruta, namba yake 1.1.1.3, ipo tangu 2020, bure. Inazuia tovuti za ngono na zenye virusi kwa nyumba nzima, na wewe huoni mtoto anaandika nini. Ila akihamia hotspoti ya simu haimgusi.

Kijana wa Nkuhungu
Hotspoti ya dada wa kazi. Sijasema kitu.

Mzee wa Ilazo
Nyumba nzima maana yake na mimi?

Fundi wa Sabasaba
Na wewe, mkuu.

Mzee wa Ilazo
Basi tuanze na hiyo akaunti ya admini kwanza.

Pwaguzi
Binti, nimekuamini. Mzee wa Singida bado yupo dukani? Natafuta cheni ya Boxer, huku wananipiga bei.

Binti Kizota
Yupo. Njoo inboksi.