Alaina au waya za meno: kipi kinavumilika kwa maisha ya kila siku?

Mwalimu_wa_Zamu (Tanga)
Wadau, habari za asubuhi. Meno yangu ya mbele yamepandana, na daktari kanipa njia mbili: waya za chuma tulizozizoea, au alaina, yale maganda ya plastiki angavu unayovaa na kuvua mwenyewe. Kwa hali yangu, anasema, zote mbili zitayanyoosha. Bei nimeshaelezwa, hiyo siulizi. Mimi ni mwalimu, nasema kutwa nzima, na chai nakunywa toka saa mbili asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Mliokaa nazo, nielezeni mnaishije.

Kaskazi (Mombasa)
Mwalimu, mie niko trei ya 14, yaani ganda la 14 katika yale ninayovaa moja baada ya jingine. Kusema kusikutishe. Siku za mwanzo "s" ilitoka na mluzi, nikawa namsomea mwanangu gazeti kwa sauti kila usiku jikoni, na wiki haikwisha ulimi ukazoea.

Kazi iko kwenye chai. Trei ikiwa mdomoni unakunywa maji tu, na yasiwe ya moto. Chai ya moto hupinda plastiki, rangi yake huganda, na sukari hunaswa kati ya ganda na jino, ikakaa hapo inaliozesha. Kwa hiyo kila kikombe ni kuvua, kunywa, kusukutua, kuvaa tena. Nami natakiwa nivae saa 22 kwa siku. Chakula chote na chai yote vimeachiwa saa mbili.

Mwezi wa Ramadhani ndio ulionifaa zaidi. Nikishakula daku na kupiga mswaki, trei haitoki hadi magharibi. Mdomo hukauka, kweli, lakini kusukutua wakati wa kutia udhu kulinipa nafuu. Shida huanza baada ya futari: mbaazi, mahamri, kaimati, halafu jirani naye analeta sahani yake. Nilikubaliana na nafsi yangu kwamba nala kwa mkao mmoja, basi.

Fundi_Baiskeli (Dar)
Mimi nina waya, mwaka wa pili sasa. Mwalimu, kwa mtu wa chai kama wewe nakushauri waya kwa moyo wote. Unakunywa muda wowote, huvui kitu, huhesabu saa. Ila ujue unachoacha: miwa, mahindi ya kuchoma, karanga, mifupa ya kuku. Kibanio kimoja, kile kinachogandishwa kwenye jino kushika waya, kilibanduka nikitafuna kidari, ncha ya waya ikanichoma shavu usiku kucha. Niliifunika kwa nta niliyopewa kliniki mpaka asubuhi nilipokwenda kurekebishiwa. Na ukila ugali na mchicha, usicheke na mtu kabla hujafika kwenye kioo. Kusafisha kunanichukua dakika kumi na brashi ile nyembamba ya kupita chini ya waya.

Mama_Pacha (Nairobi)
Nyongeza kwa wa alaina: usiwahi kufunga trei kwa tishu. Nilikuwa hotelini nakula chapati na ndengu, nikaiweka kando ya sahani imefungwa vizuri. Mhudumu akapanguza meza, akabeba kila kitu. Tulipekua pipa pamoja naye, hatukuipata. Nilipiga simu kliniki siku hiyo hiyo, wakaniambia nirudie trei iliyotangulia wakati wanaangalia la kufanya. Nilikuwa nimeihifadhi, namshukuru Mungu, maana meno yakiachwa hivi hivi huanza kurudi. Sasa kikasha hakitoki mkobani, na trei ya nyuma haitupwi mpaka hii mpya ikae sawasawa. Wengine huambiwa waruke kwenda inayofuata, lakini hilo ni la daktari kuamua.

Msaidizi_Kliniki (Arusha)
Nafanya kazi kwenye kliniki ya meno. Yanayorudi mezani kwetu kila wiki ni haya. Trei mpya hubana siku mbili tatu, kwa hiyo ianze usiku, baada ya chakula, upitishe maumivu ya kwanza usingizini. Ukingo ukikukwaruza ulimi, ulainishe taratibu kwa tupa ya kucha. Ioshe kwa maji ya kawaida na mswaki laini. Juzi nimepokea moja iliyooshwa kwa maji ya birika, imejikunja kama ganda la chungwa lililokauka. Baadhi yenu mtagandishiwa vinundu vidogo vya rangi ya jino ili trei ipate pa kushika, na vinundu hivyo hushika manjano ya mchuzi.

Kwa watu wa huku kwetu wenye meno ya kahawia kwa sababu ya maji yenye floraidi nyingi: alaina na waya hupanga meno, rangi haziigusi. Na zote mbili zikiisha utavaa ritena, kifaa cha kushikilia meno pale yalipofikishwa. Usipoivaa, meno yatasogea tena.

Mwalimu_wa_Zamu (Tanga)
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Jana nilijipima kwa saa ya ukutani: chai mara tano, kila mara kama dakika 25. Hizo ni saa mbili na dakika tano, na chakula cha mchana sijakigusa. Wiki hii chupa ya chai naiacha nyumbani, nitakunywa asubuhi na mchana tu, pamoja na chakula. Nikifika Ijumaa salama, naenda kuchukuliwa vipimo vya alaina. Nikishindwa, Fundi, nitakutafuta unielekeze brashi hiyo inauzwa wapi.