Kuoga ziwani Jumapili: tubaki Goma, tuvuke Gisenyi, au tushuke Uvira?

Baba wa Keshero
Ndugu zangu, bahari ya nchi yetu iko Muanda, na kutoka Goma kufika Muanda ni kukata nchi nzima. Tuiache. Familia yenye watoto wadogo, siku moja, kutoka asubuhi na kurudi kabla ya giza: tuoge upande wetu wa Ziwa Kivu, au tuvuke kituo cha mpakani cha Petite Barrière twende Gisenyi, Rwanda? Kuna wanaosema kupeleka pesa yetu ng'ambo ni aibu.

Dada Himbi
Aibu haiogeshi mtoto. Gisenyi kuna mchanga, mtoto anasimama maji yakiwa magotini. Kwetu ni lava, inakata kama chupa iliyovunjika, na mara nyingi panakatika ghafla ukiwa hata hujalowa kiuno. Anayebaki Goma amvalishe mtoto sandali za mikanda. Kambambili inamtoka mguuni na kwenda zake, mguu unabaki peke yake juu ya jiwe. Waoge saa tatu mpaka saa sita. Mchana upepo wa kusini unaleta mawimbi juu ya mawe, zaidi wakati wa kiangazi. Tuseme tu ukweli: Goma hatuna plaji, tuna mawe na mageti.

Kijana wa Kituku
Mageti kayajenga nani, dada? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kitanda cha ziwa ni cha Serikali, mpaka mstari ambao maji hufika yakijaa kwa kawaida yake. Sasa ukuta wa parsele, kiwanja cha mtu, unaoingia majini umepata hati wapi? Mnasifu Gisenyi kwa mchanga, kumbe mnasifu pwani iliyoachwa wazi.

Dada Himbi
Sheria naijua. Mpe mtoto hiyo sheria aogelee nayo.

Kijana wa Kituku
Wenye mageti ndio wanaopenda kusikia hivyo.

Mwana Kalundu
Muko munagombania mawe. Shukeni Uvira! Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari, Ziwa Tanganyika letu 770 na kidogo, kwa hiyo kwetu jua na maji vina joto la kweli, na mchanga upo. Nyinyi munaoga juu ya bomu la gesi halafu munaita mapumziko.

Fundi Maji
Hilo bomu kila mtu analitaja bila kulipima. Kivu ina kaboni dioksidi kilomita za ujazo kama 300 na metani kama 60. Zimeyeyuka katika maji ya chini, kuanzia kwenye mita 250 hivi kwenda chini, na uzito wa maji ya juu ndio unaozishikilia. Anayeoga kwenye mita mbili haguswi. Hatari ni ziwa zima kuvurugika kwa mpigo, kama Ziwa Nyos kule Kamerun mwaka 1986, walikufa watu karibu 1,700. Siku hiyo ikija, aliyevaa nguo ya kuogea na aliyelala nyumbani mtaa wa Katindo ni mamoja. Ng'ambo Rwanda, kule Karongi, tangu 2016 wanaivuta metani hiyo na kuifanya umeme. Wewe wa Kalundu tuambie habari za kichocho, mamba na viboko. Kivu mamba hakuna.

Mwana Kalundu
Mamba na viboko watafute kwenye mdomo wa mto Ruzizi na kwenye matete, nani kakutuma kuoga pale? Kichocho nacho kinataka konokono na maji yaliyotulia yenye majani. Oga palipo wazi penye mawimbi. Ukiwa na wasiwasi, pima baada ya miezi miwili; dawa yake, prazikwanteli, ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, mara moja. Na hizo sambaza, dagaa munazojidai nazo Goma na Bukavu ni za kwetu. Wabelgiji walizitoa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakazimwaga Kivu.

Mama Ibanda
Watoto wangu, munahesabu gesi ya mita 250 na kusahau ile ya chini ya mti munapotandika mkeka. Mazuku! Upande wa Bulengo, Lac Vert, hata Himbi, kaboni dioksidi inatoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, inalala mashimoni, na alfajiri kabla ya upepo ndipo inakuwa nyingi. Mbuzi na mtoto wanaanguka, mtu mzima aliyesimama hasikii kitu. Kaeni palipoinuka.

Motari Birere
Mama, si unawasha kiberiti tu? Kikizimika unatoka.

Fundi Maji
Usimfundishe mtu hivyo. Kiberiti kinazimika kaboni dioksidi ikiwa imeshafika asilimia 10 ya hewa au zaidi, na kwa kiwango hicho mtu anapoteza fahamu. Tena unakiwasha kifuani, mtoto anapumua chini. Ukikuta shimo lenye ndege au panya waliokufa, ondoka, usiiname kuchungulia. Aliyeanguka humo usimfuate mbio. Wengi wanakufa hivyo, wakimfuata wa kwanza.

Mama Ibanda
Asante. Sasa wewe wa Kalundu: sambaza imezaliwa Kivu, imekula Kivu, miaka sitini na zaidi. Hata mkwe hadaiwi hivyo.

Mwana Kalundu
Mama, shikamoo, lakini asili ni asili.

Motari Birere
Asili haikaangwi. Baba wa Keshero, sambaza nunua asubuhi. Wanazivua usiku kwa taa, mitumbwi mitatu imefungwa kwa miti mirefu, wanafika pwani kukicha. Ya saa tisa mchana tumbo limeshapasuka. Itafute yenye jicho angavu.

Kijana wa Kituku
Na aangalie mwezi. Ukiwa mpevu taa haziwavuti, hata bei hutaiweza.

Baba wa Keshero
Jumapili hii ni mpevu.

Motari Birere
Basi beba kuku.