Mjadala: Tupime umri wa gari au moshi wake?

Hoja: Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8. Uganda ilipitisha ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikatazi, inatoza uchakavu: asilimia 15 kwa gari dogo la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likizidi 10. Je, umri ndio kipimo, au tuchomeke mashine kwenye ekzosi?

Kilindini
Naanza na msimamo wangu: umri haujui lolote kuhusu moshi. Gari la Japani linakaguliwa kwa lazima miaka 3 baada ya kuandikishwa, halafu kila miaka 2. Lenye miaka 9 lililopita ukaguzi huo wote linakataliwa Mombasa. La miaka 6 lililong'olewa masega (kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi), kwa kigezo cha umri, limeshapita. Na kung'oa masega si hadithi. Mwaka 2020 wakaguzi wa serikali ya Uholanzi walichunguza magari yaliyokuwa yakielekea Afrika, wakakuta mengi hayafiki hata Euro 4 (kiwango cha moshi cha Ulaya; namba ikipanda, masharti yanakaza) na baadhi hayana masega kabisa. Ndani mna platini, paladi na rodi, kwa hiyo soko lipo.

Utafiti wa Marekani ulishasema hili zamani. Donald Stedman wa Chuo Kikuu cha Denver alianza miaka ya 1980 kurusha mwali wa infraredi kukatiza barabara na kusoma moshi wa kila gari linalopita. Karibu nusu ya kaboni monoksidi ilikuwa inatoka kwenye gari 1 kati ya 10. Magari ya zamani yaliyotunzwa yalikuwa safi kuliko mapya mabovu. Kamata huyo mmoja, waache tisa waende zao.

Fundi Plagi
Naunga mkono, ila watu waelewe kwanza masega yanakufaje. Ni kauri yenye vitundu, na haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Muuaji wa kwanza ni koili au plagi iliyokata: petroli mbichi inapita silinda bila kuungua, inawakia kwenye masega, kauri inayeyuka. Wa pili ni injini inayokula oili, kwa sababu fosforasi ya oili inaufunika utando wa madini. Wa tatu ni sensa ya oksijeni iliyochoka: inajibu polepole, kompyuta inazidisha petroli. Koili moja inaweza kulimaliza gari la miaka 4.

Masega yakiziba gari linakosa pumzi mlimani. Badala ya kubadilisha, watu wanatoboa kwa nondo, kisha wanaweka spesa (kipande cha kuisogeza mbali na moshi) kwenye sensa ya nyuma ili taa ya injini isiwake. Dashibodi shwari, nyuma sumu.

Kupima gari la petroli si kazi kubwa. Injini ipate moto kamili, oili ifike nyuzi 80. Zima AC. Ingiza bomba la mashine sentimita 30 ndani ya ekzosi. Kwa gari la Euro 4, kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) CO, yaani kaboni monoksidi, isizidi asilimia 0.3. Panda hadi mizunguko 2,000 kwa dakika au zaidi: CO isizidi 0.2, na lamda (uwiano wa hewa na petroli) ikae kati ya 0.97 na 1.03. Kisha angalia CO2, ambayo wengi huiruka. Gari zima hutoa asilimia 14 hadi 15. Ukiona 10, ama ekzosi ina tundu ama bomba limechomekwa nusu, na ile CO nzuri uliyoisoma ni hewa ya nje tu.

Hesabu
Ndugu Kilindini, unatazama gari moja moja. Tazama jumla. Mexico ilipofungua mlango kwa magari yaliyotumika ya Marekani mwaka 2005, yaliingia zaidi ya milioni 2.5 katika miaka michache. Lucas Davis na Matthew Kahn waliyafuatilia, na utafiti wao ukatoka mwaka 2010. Magari yale yalikuwa machafu kuliko yaliyobaki Marekani na masafi kuliko yaliyokuwapo Mexico. Kwa hiyo wastani ulishuka pande zote mbili, lakini jumla ya gesijoto ikapanda, kwa kuwa magari ambayo yangekatwa chuma chakavu yalipewa maisha mapya.

Kipimo chako cha bandarini ni picha ya siku moja. Gari linapita leo, kisha linatembea miaka 15 Nakuru au Mwanza bila kuguswa na mashine yoyote. Umri angalau unapunguza miaka iliyobaki.

Kilindini
Utafiti huohuo unanisaidia mimi pia. Ukibana umri, bei ya mtumba inapanda, na mwenye gari la mwaka 1998 anazidi kulishikilia. Mexico City iliwahi kujaribu njia ya mkato: tangu 1989 kila gari lilipumzishwa siku moja ya wiki kwa kufuata namba. Davis alipolipima zoezi hilo, mwaka 2008, hakuona hewa kuwa safi zaidi. Watu walikuwa wameongeza magari, tena ya mtumba.

Pampu
Mnasahau mafuta. Tangu 2015 dizeli yetu Afrika Mashariki ni ya salfa ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni), inayotosha Euro 4. Euro 5 na 6 zinataka 10. Ukileta lori jipya la Euro 6 ukalilisha 50, kichujio cha masizi kitakusumbua. Na uchakachuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2018 zilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuyachanganya na dizeli kusiwe na faida. Pimeni gari, lakini pimeni na kituo.

Volti
Kwenye gari la umeme kigezo cha umri kinachekesha zaidi. Nissan Leaf za mwanzo, za betri ya kWh 24, zinapoozwa kwa hewa tu. Iliyokaa Hokkaido, kwenye baridi ya Japani, miaka 8 inaweza kuizidi iliyokaa kwenye joto miaka 5. Kipimo ni afya ya betri: chomeka kisomaji cha OBD (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), soma asilimia ya uwezo uliobaki, hesabu vipande 12 vya kulia kwenye dashibodi. Kipande cha kwanza kikipotea, takriban asilimia 15 imekwenda. Usiamini vipande peke yake, kuna wanaovirudisha kwa kompyuta.

Na "safi" inategemea nchi. Petroli lita 1 ni kilo 2.3 za CO2, hivyo gari la lita 7 kwa kilomita 100 hutoa kilo 16. La umeme huvuta kWh 18 hivi ukutani kwa umbali huo, ukihesabu upotevu wa kuchaji. Kwa umeme wa makaa, kama wa Afrika Kusini ambako makaa ni zaidi ya asilimia 80, ni karibu kilo 18, ingawa petroli nayo ina deni la kuisafisha na kuisafirisha, karibu sehemu ya tano zaidi. Kenya, yenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo wa Turkana, haifiki hata kilo 3. Gari lilelile, jibu tofauti.

Jambo moja zaidi: msitumie takwimu za kiwandani. Ulaya, pengo kati ya maabara na barabarani lilifika karibu asilimia 42 kwa magari ya mwaka 2015. Hata kwa kipimo kipya, magari ya petroli na dizeli yanazidi namba rasmi kwa kama asilimia 20, na haibridi za kuchaji hutoa mara 3.5 ya zilichoandikiwa, kwa kuwa wenyewe hawazichaji inavyotakiwa.

Hesabu
Sawa, tuseme tunapima kila mwaka. Malori ya dizeli je? Ndiyo yanayotoa wingu jeusi pale Mariakani, na hayaguswi na CO wala lamda.

Fundi Plagi
Dizeli hupimwa giza la moshi. Injini ikiwa moto, kanyaga mafuta hadi mwisho mara tatu au zaidi, achia, chukua wastani. Euro 4 na 5 isizidi 1.5 kwa mita (kipimo cha jinsi moshi unavyozuia mwanga). Turbo za zamani 3.0. Kabla ya kukanyaga kagua mkanda wa taimingi, maana ukikatikia hapo utalipa injini. Shida ni udanganyifu: dereva anabana skrubu ya pampu asubuhi ya ukaguzi, lori linapita likiwa halina nguvu, jioni linafunguliwa. Kwa hiyo kwa malori kituo hakitoshi. Mpimaji asimame juu ya mlima, lori likiwa na mzigo, bila tarehe kutangazwa.